Wasiolazwa

Kwenye hospitali zote za mkoa ule walimwita Mama Mafaili, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyelianzisha jina hilo. Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, mpaka mgongo wake ulipogoma kuinua wagonjwa, ndipo akachukuliwa na mradi wa chuo kikuu. Mradi wenyewe ulitaka kujua jambo moja tu: katika mkoa mzima, watu wangapi wana lupus? Si wale waliolazwa hospitali kubwa peke yao, bali wote, popote walipo, ilimradi wanaishi ndani ya mipaka ya mkoa. Waingizwe kwenye rejista moja, ijulikane ni wangapi kati ya watu wote.

Swali hilo lilikuwa la daktari wa viungo, mwanamke mfupi mwenye haraka, ambaye wafanyakazi wake walimbandika jina la Daktari Wangapi. Ukimwambia umepata wajukuu, atakuuliza wangapi kabla hajakupongeza.

"Wakubwa wanasema ugonjwa huu kwetu haupo," aliwaambia siku ya kwanza ya kazi, amesimama kwa sababu viti havikutosha. "Haupo kwa kuwa hakuna aliyeuhesabu. Na kisichohesabiwa hakiagiziwi dawa. Sasa sisi tutahesabu. Kila mtu mara moja. Asirukwe mtu, wala asirudiwe mtu."

Basi Mama Mafaili akavaa aproni na barakoa, akaingia kwenye masijala za hospitali. Vilikuwa vyumba vya vumbi na joto, mafaili yamefungwa kamba na kupandana mpaka darini, mengine yameliwa kona na panya. Kazi yake ilikuwa kusoma na kuwinda dalili: wekundu uliotanda mashavuni na kuvuka pua, viungo vilivyovimba, vidonda vya mdomoni, nywele kunyonyoka, protini kwenye mkojo. Lupus, kama Daktari Wangapi alivyopenda kueleza, ni pale walinzi wa nyumba wanapomgeukia mwenye nyumba na kuanza kumpiga. Kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe: leo magoti, kesho ngozi, keshokutwa figo. Ndiyo maana ni mgumu kuukamata. Kila daktari anaona kipande chake, na mgonjwa anabaki na vipande vyote bila jina.

Walianzia hospitali kubwa, maana huko ndiko mafaili yalikokuwa mengi. Mama Mafaili alipewa wodi ya figo, kisha chumba cha wagonjwa mahututi, kisha kumbukumbu za vifo. Miezi ile ya mwanzo alikutana na lupus ikiwa na sura yake mbaya kuliko zote. Wengi walikuwa wanawake, wengi vijana. Alianza kuwajua: huyu alikuwa mpishi, huyu alikuwa mchumba wa mtu, huyu mwandiko wa daktari wake ulitetemeka kuelekea mwisho. Faili baada ya faili aliufikia ukurasa ule wa mwisho, wenye saa ya kifo na sahihi, akalifunga, akavuta jingine.

Ndipo akaanza kumwona mdogo wake ndani ya mafaili hayo.

Mdogo wake huyo ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, na nyumbani hawakumwita jingine ila Kitinda. Mama Mafaili alikuwa amempita umri wa kutosha kumbeba mgongoni, na ukubwani alikuwa bado anambeba kwa namna nyingine. Kitinda alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha darasa zima. Lakini tangu alipojifungua mtoto wa pili, hakuwa yule wa zamani. Asubuhi aliamka mzito kama gunia lililonyeshewa. Vidole vilikataa kushika chaki. Daktari mmoja alimtibu malaria, mwingine taifodi, mwingine vidonda vya tumbo, na wa nne alimwambia aache mawazo.

"Mawazo gani?" Kitinda alimuuliza dada yake. "Wazo langu moja tu, kwa nini nimechoka hivi."

Mama mkwe wake naye hakuhitaji maabara. "Mke wa mwanangu huchoka kabla kazi haijaanza," alizoea kusema, na alisema kwa sauti ya kusikika jikoni.

Jumapili moja Mama Mafaili alikwenda kuwatembelea. Alimkuta Kitinda uani na beseni la nguo, anajaribu kukamua shuka. Aliikamua nusu, akaiacha ianguke majini. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeupe kama chaki kwa ubaridi wa maji. Mashavuni na juu ya pua palikuwa na wekundu.

"Uso umefanya nini?"

"Jua tu hilo, dada. Juzi tulikuwa na michezo ya shule."

"Na mdomoni?"

"Vidonda. Vinakuja vinaondoka. Mbona unaniuliza kama karani wa sensa?"

Mama Mafaili alihesabu kimoyomoyo, ingawa hakupenda kuhesabu. Viungo. Uso. Jua. Mdomo. Vidole. Nywele, kwa maana aliona jinsi kilemba kilivyofungwa chini kuficha paji la uso. Mtu ambaye angekuta dalili hizo kwenye faili lolote angelitenga upande wa kulia, upande wa kuchunguzwa. Lakini hili halikuwa faili. Hiki kilikuwa kitoto alichokiogesha mwenyewe.

"Kapumzike," alimwambia. "Nitafua mimi."

Alifua, akaanika, akarudi kwake bila kusema. Alijiambia kwamba si lazima iwe hivyo. Wanawake wengi huchoka, viungo vya wengi huuma. Ukweli ni kwamba kila alipofungua kinywa, aliona ule ukurasa wenye saa na sahihi. Akilitaja neno, ni kama atakuwa amelifungulia mlango liingie. Basi akawa anapita na kurudi, anapeleka matunda, anafua, ananyamaza. Ulimi ulikuwa mzito kuliko beseni la mashuka.

Mvua zilipoanza, kazi ilibadilika. Hospitali kubwa zilikuwa zimekwisha, na Daktari Wangapi akawatawanya wafanyakazi wake kwenye zahanati, kliniki za ngozi, maabara ndogo za mitaani, na kwa madaktari wenye chumba kimoja juu ya duka la viatu. "Huko ndiko waliko waliofichika," alisema. Faili likikosa anwani, ilibidi wapige simu, maana aliyeishi nje ya mipaka hakuhesabiwa.

Mama Mafaili alipiga simu nyingi siku hizo. Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba watu walipokea. Alizoea kusoma habari za watu wasioweza tena kupokea simu. Huyu alijibu akiwa kwenye mashine ya kusaga, wakapigiana kelele. Huyu alimwomba asubiri, mtoto amejifungia chooni. Mwingine, mwanamke wa kliniki ya ngozi, alisema, "Nani? Rejista? Dada yangu, nina kichwa cha mtu mkononi. Njoo uniulize hukuhuku."

Hukuhuku kulikuwa ni saluni yenye viti vitatu na kioo kilichopasuka pembeni. Mwenye saluni alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa mikono mirefu siku ya joto, na anasuka kwa kasi ambayo macho hayafuati. Mama Mafaili alimwinamia sikioni aulize kama wanaweza kuzungumza faraghani.

"Sema hapahapa," mwenye saluni alisema. "Wateja wangu wote wanajua. Lupus ninayo, siri sina."

Wateja wakacheka. Mama Mafaili akavuta kigoda, akauliza maswali yake: anaishi wapi, ameishi hapo muda gani, ugonjwa ulijulikana lini. Ulijulikana kabla hajazaa mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo sasa alikuwa na ndevu.

"Nilipoambiwa," mwenye saluni alisimulia huku vidole vikienda, "nilimwambia daktari anipangie siku ya kufa isiyogongana na harusi ya mdogo wangu. Daktari alicheka. Mimi sikucheka. Nililia wiki nzima. Basi harusi ikafika, nikacheza. Nikacheza na kwenye harusi za watoto wake. Kuna miaka imenilaza, sikudanganyi. Nywele hizi ziliisha zote, nikawa nasuka watu mimi mwenyewe kipara kama yai. Zikarudi. Nameza dawa, nalikimbia jua, napima mkojo. Ndiyo maisha."

Kalamu ya Mama Mafaili ilikuwa imesimama. Akauliza, "Na watoto, walipokuwa wadogo... uliweza kuwalea?"

Mwenye saluni akaacha kusuka. Akamtazama kupitia kioo.

"Swali hilo halimo kwenye karatasi yako."

"Halimo."

"Ni nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu. "Mdogo wangu," akasema.

"Amepimwa?"

"Bado."

"Anajua?"

Akatikisa kichwa. Mwenye saluni akafuta mikono kwa taulo, akamshika bega.

"Basi unangoja nini, mama? Woga haujawahi kumtibu mtu. Mpeleke. Halafu mlete kwangu nimsuke, bure."

Kesho yake asubuhi alimfuata Daktari Wangapi ofisini, akamweleza.

"Dalili ngapi?" daktari akauliza mwisho, na mara hii halikuwa jambo la kuchekesha.

"Sita. Nimeziona tangu kabla ya mvua. Nilikaa kimya."

"Kwa nini?"

"Nimesoma mafaili mengi, daktari. Najua yanavyoisha."

Daktari Wangapi akavua miwani. "Umesoma mafaili ya wapi?"

"Wodi ya figo. Mahututi. Kumbukumbu za vifo."

"Basi ndiyo hiyo. Mtu akitaka kujua habari za barabara, akaenda kuuliza wodi ya mifupa, atarudi akiapa kwamba kila anayepanda gari huvunjika mguu. Waliofika salama hawako wodini, wako makwao. Ndiyo maana sikutaka kuhesabu hospitali moja. Nahesabu mkoa. Nataka niwaone na wale wasiolazwa." Akavaa miwani tena. "Lakini nisikudanganye. Ukiachwa, ugonjwa huu unaua. Mlete kesho. Si keshokutwa."

Alitoka pale moja kwa moja hadi shuleni. Kitinda alikuwa kwenye chumba cha walimu, amezungukwa na madaftari ya kusahihisha, kalamu nyekundu ameibana kati ya vidole viwili kwa sababu kile cha gumba kilikuwa kimevimba. Madarasani watoto walikuwa wakiimba jedwali la saba.

"Dada, una uso wa mtu wa msiba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka kukwambia jambo, na usinikatize, maana nikikatizwa nitashindwa."

Akamwambia. Alimweleza dalili moja moja, jina la ugonjwa, daktari, na safari ya kesho. Kitinda hakumkatiza. Alipomaliza, Kitinda aliiweka kalamu yake chini.

"Ina maana si uvivu?"

"Si uvivu."

"Sema tena."

"Si uvivu, Kitinda. Wala si mawazo. Ukipimwa ndipo tutakuwa na uhakika, lakini mtu mvivu havimbi vidole."

Kitinda akalaza kichwa juu ya madaftari ya watoto akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo, ndipo akagundua kuwa mabega yanauma. Mwalimu wa hesabu aliingia na birika la chai, akaona, akarudi kinyumenyume na birika lake.

Alipoinua uso, macho yalikuwa makali. "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili ya mashuka."

"Na ukanyamaza? Mimi ninalala nikijiona takataka ya nyumba, na wewe unafua na kunyamaza?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Na mimi nilikuwa nimeshajipoteza, dada." Akapenga kamasi. "Haya. Twende huko kesho. Nitakukasirikia vizuri nikishapona."

"Haponi mtu kabisa. Hutulizwa tu."

"Basi nitakukasirikia nikitulia."

Walikwenda watatu, kwa sababu shemeji, mume wa Kitinda, alikataa kubaki. Alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache, na alikuja na mkanda wake wa bisibisi kiunoni kama aliyeitwa kutengeneza hospitali. Daktari Wangapi alimpima Kitinda kutoka utosini hadi vidole vya miguu, akachukua damu na mkojo, akasema warudi majibu yakitoka.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Mama Mafaili alisoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuelewa kilichoandikwa. Si jina la ugonjwa lililomtesa. Hilo alikuwa na uhakika nalo. Ni figo. Alijua kwamba njia hugawanyika hapo.

Majibu yalipotoka, Daktari Wangapi hakuwazungusha. "Ni lupus. Damu imesema, na mwili ulishasema zamani. Mkojo ni safi. Figo zako ni nzima, moyo ni mzima, mapafu ni mazima. Tumeukuta bado uko uani, haujaingia chumbani."

Mama Mafaili akakaa juu ya kitanda cha kupimia, karatasi iliyotandikwa ikalia chini yake. "Figo safi?" akauliza.

"Safi."

"Kabisa?"

"Mama Mafaili, unataka nikuandikie?"

Shemeji alikohoa. "Daktari," alisema, "je, ni mimi niliyemchosha? Kazi za nyumba, watoto... Mama alikuwa akisema maneno, na mimi sikumjibu."

"Hukumletea wewe. Hakujiletea mwenyewe. Hakuna aliyemletea."

"Mama atauliza."

"Sasa unalo la kumjibu."

Akaitika, akatoka kwenda ukumbini. Walipokuwa wakishughulika na vidonge, kimoja cha kila siku na vingine vya muda mfupi, na namna ya kujihadhari na jua, walimsikia nje akijifanya anakagua swichi ya ukutani. Alikuwa akilia, na swichi ile haikuwa na ubaya wowote.

Alimjibu mama yake siku hiyohiyo. Alisema nini, hakuna aliyejua, ila mama mkwe hakulisema tena lile neno la kuchoka. Radhi hakuiomba kwa kinywa. Alikuja asubuhi moja akafagia uwanja wote, akaosha vyombo, akamwambia Kitinda, "Kaa kitako, jua limeanza kupanda," na kwa mama yule hiyo ilikuwa hotuba.

Dawa hazikufanya muujiza wa mara moja. Wiki za mwanzo Kitinda alinung'unika kwamba anameza na haoni kitu. Kisha vidole vikalegea kidogo asubuhi. Kisha akaweza kufunga vifungo vya shati la mwanawe bila kuuma meno. Siku moja alimpigia dada yake simu akiwa nje ya darasa, anahema. "Nimeandika ubao mzima! Mzima, dada, mpaka chini!" Shemeji naye, katika kumkinga mkewe na jua, alinunua mwavuli mkubwa kiasi kwamba Kitinda alipoupeleka shuleni, mwalimu wa hesabu alimuuliza anafungua duka la nini. Kitinda alipomsimulia dada yake hayo, alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Mafaili alikuwa amesahau kicheko hicho kinavyoanza kwa mlio kama wa kuku.

Rejista nayo ikafikia kliniki ya Daktari Wangapi mwenyewe. Faili la Kitinda lilipotokea kwenye rundo, daktari alilinyakua mkononi mwa Mama Mafaili kabla hajalifungua. "Ndugu hasomi ya nduguye," akasema, akampa mfanyakazi mwingine, na Mama Mafaili hakubisha.

Hesabu ilipokamilika, daktari aliwaita wote, na safari hii viti vilitosha. Waliopatikana walikuwa karibu mara nne ya makisio ya zamani. Wengi wao hawakuwa wamewahi kulazwa. Walikuwa majumbani, madukani, mashambani, wanaishi. Wakubwa walikuwa wameisoma taarifa, na kidonge kile cha kila siku kingeingizwa kwenye orodha ya dawa za hospitali zote za mkoa. Daktari Wangapi alitangaza hayo bila kutabasamu, kisha akageukia dirishani muda mrefu kidogo, na wote wakajifanya hawaoni mabega yake.

"Na mimi nimo kwenye hesabu?" Kitinda alimuuliza dada yake.

"Sina ruhusa ya kukwambia."

"Dada!"

"Siri ya kazi."

Walikuwa ukumbini wakingojea zamu ya kupimwa mkojo, kama Kitinda alivyotakiwa kufanya mara kwa mara. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na msichana wa sare za shule, polisi wa kike, bibi aliyekuwa akifuma, mwanamume mmoja mwenye aibu ya kuwa peke yake kati ya wanawake. Kitinda aliwatazama mmoja mmoja.

"Wote hawa?" akanong'ona.

"Wote hawa."

"Nami nilidhani niko peke yangu duniani." Akamgeukia msichana wa sare, akamuuliza yuko darasa la ngapi, na punde wakawa wanalinganisha kofia za jua na walimu wakali.

Mama Mafaili aliwasikiliza. Feni ilizunguka polepole darini. Alisema moyoni kwamba afumbe macho dakika moja tu. Aliposhtuka, Kitinda alikuwa anamtikisa bega, bahasha ya majibu mkononi, na ukumbi mzima unawatazama kwa tabasamu.

"Amka, dada," Kitinda alisema. "Mkojo safi tena. Na umekoroma mpaka nesi amekuja kuuliza kama ndiwe mgonjwa."